Kazi ya fundi rangi yaniliza Dublin

Basi bwana, mvua ya Dublin haina adabu. Inanyesha asubuhi, mchana inaendelea, na jioni inakukumbusha kuwa bado ipo. Mwenyeji wangu, mshkaji niliyesoma naye Tanga, alikuwa amepanga twende baa tukatazame mpira. Nikamwambia, ndugu yangu, mfuko unalia, nipeleke mahali pa bure.

Wageni wengi wa mji ule hupanga foleni pale Trinity College kukiona Book of Kells, kitabu cha Injili ambacho watawa walikitia nakshi karibu mwaka 800 juu ya ngozi za ndama. Kule unalipa. Sisi tukaelekea Dublin Castle, kwenye makumbusho ya Chester Beatty. Mlangoni hakuna anayekudai hata senti.

Ndani taa zimefifizwa makusudi, maana mwanga mkali unaua rangi. Kwenye kabati la kioo nikakutana na msahafu mdogo, urefu wake haufiki shubiri. Uliandikwa Baghdad mwaka 391 wa Hijria, yaani 1000 au 1001. Mwandishi ni Ibn al-Bawwab, maana yake mtoto wa bawabu. Huyu bwana alianza kama fundi rangi wa nyumba! Baadaye akahamia kwenye vitabu, na mwandiko wake ukaigwa kwa karne nyingi. Msahafu ule kauandika mwenyewe, na nakshi za dhahabu na buluu kazitia mwenyewe. Inasemekana aliandika misahafu 64. Unaojulikana kubaki ni huo mmoja tu.

Na nani aliukusanya? Alfred Chester Beatty, Mmarekani aliyeanza na vibarua vya migodini Colorado mpaka akawa tajiri wa madini. Sehemu ya mshiko wake ilitoka kwenye shaba ya Zambia, enzi hizo ikiitwa Northern Rhodesia. Nikacheka peke yangu: kumbe na jasho la majirani zetu limo humu! Alipofariki mwaka 1968, hazina yote akawaachia wananchi wa Ireland.

Hapo kicheko kikakatika. Babu yangu naye alituachia msahafu wa mkono, wino mweusi na mwekundu, karatasi imegeuka rangi ya chai. Mwaka juzi nilibanwa na kodi ya chumba, nikamuuzia mnunuzi wa vitu vya kale. Nilipata kodi ya miezi miwili. Bibi hajui. Kila akiuliza, namwambia uko kwa fundi, unatiwa jalada jipya.

Mshkaji akaniuliza, “Vipi, mbona umenywea?” Nikamjibu ni baridi.

Mpenzi msomaji, leo ukirudi nyumbani fungua lile sanduku la babu. Mchwa ni adui, sikatai. Lakini mjukuu anayedaiwa kodi ni balaa zaidi. Mimi nakwenda kumwambia bibi ukweli. Niombeeni!