Stilo ya babu: kuitengeneza, kuiuza ao kuiacha?

Wengi wa darasa la sita wameniuliza juu ya ile stilo nyeusi ya nyumbani kwetu, na kila mmoja yuko na shauri lake. Nimeomba nafasi katika gazeti letu dogo nieleze jambo lote mara moja.

Ni stilo ya wino, Waterman, ya wakati wa Wabelgiji. Babu yangu alikuwa karani wa stasio hapa Kibombo, akainunua mbele ya uhuru wa 1960. Reli ilikuwa ya CFL wakati ule, kampuni iliyojenga njia kutoka Kindu mpaka Kongolo mbele ya vita ya 1914. Mchana aliandika nayo magunia ya mchele, na jioni aliandika katika daftari la nyumbani: watoto waliozaliwa, waliokufa, madeni ya watu. Babu hayupo tena. Stilo na daftari viko kwa nyanya.

Sasa ugonjwa wake. Ndani kuna kifuko cha mpira. Ukiinua kijiti kidogo cha ubavuni, kifuko kinabanwa. Ukikirudisha, kinavuta wino. Lakini mpira unazeeka sawasawa watu. Kifuko hiki kimekauka mpaka kimevunjika-vunjika kama ganda la karanga. Tena ncha ya zahabu imepinda upande mmoja, na kifuniko kina ufa. Ufa si kitu.

Mjomba anasema: tuuze. Maniema ni inchi ya zahabu, wanunuzi wako na mizani zao ndogo, na mimi bado nadaiwa feza za mtihani wa Serikali. Hapana kumcheka mjomba, deni ni deni. Lakini ncha ile haifiki hata gramu moja, na si zahabu tupu, imechanganywa na madini mengine ili iwe ngumu. Mnunuzi alipoipima, feza aliyotaja haikufika nusu ya deni. Tungepoteza stilo na kubaki na deni vilevile.

Basi nikaipeleka kwa fundi mmoja wa saa huko Kindu. Mtu wa akili, mikono yake haitetemeki. Akasema ataweka mpira mwingine na kuushika kwa gundi kali, atanyoosha ncha kwa koleo, na pale inapokwaruza ataipiga tupa kidogo. "Mwanangu, itatoka mpya!" Hapo ndipo nikaogopa. Mwisho kabisa wa ncha, wafanyizaji waliunga kipunje cha madini magumu kuliko zahabu. Hicho ndicho kinasugua karatasi miaka na miaka bila kulika. Tupa ikikimaliza, hakirudi. Na gundi je? Mafundi wa kalamu wanashika kifuko kwa shelaki, sababu inalegea kwa moto kidogo, na fundi mwingine ataweza kufungua kesho. Gundi kali haifunguki. Ukilazimisha, mwili wa stilo unapasuka. Kazi isiyoweza kufunguliwa tena mimi sikuitaka. Nikamshukuru, nikarudi na stilo yangu mfukoni.

Rafiki mmoja akaniambia: biki ni feza kidogo tu, unajisumbua bure. Kwa kuandika tu, ni kweli, biki inashinda. Kwa mtihani nitatumia biki, wala sioni haya.

Lakini nyanya akanifungulia daftari. Kurasa za kwanza ni za stilo, wino umegeuka rangi ya majani makavu. Kisha zinafuata chache za biki. Kisha nyeupe. Akasema: "Wewe na mjomba wako munabishana juu ya zahabu. Mimi natafuta majina. Wajukuu hawamo humu."

Nikafanya kidogo tu. Ncha peke yake niliiweka katika kikombe cha maji baridi, si ya moto, sababu ya moto yanaharibu kalamu za zamani. Maji yakawa buluu. Kumbe wino wa babu ulikuwa bado unalala mle. Vipande vya mpira nikavitoa kwa kijiti. Ncha sikuinyoosha. Na pasipo kifuko, unaichovya katika chupa, sawasawa walivyoandika wazee wetu shuleni. Muchovyo mmoja unatoa mstari mmoja, ao mmoja na nusu. (Musitie wino wa tampo! Unaganda ndani.)

Inakwaruza kwenye kila "o", lakini inaandika. Siku tukipata kifuko na shelaki, nafasi yake iko wazi. Deni la mtihani nitalitafutia katika mavuno ya mpunga.

Nyanya anataja, mimi naandika: jina, siku, mahali. Tumefika wajukuu kumi na mmoja. Wamebaki wale wa mjomba, naye amesema atakuja Jumapili na tarehe zao.