Karani wa Ndiva

Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani huo nimeusikia Moshi, nimeusikia Dar es Salaam, na mara nyingi zaidi nimeusikia Ujerumani, kwenye harusi na misiba ya Watanzania. Sijawahi kuukanusha, maana kuukanusha ni kufungua kesi nyingine. Ila kazi ya habari iliyonilisha mpaka nikastaafu, msingi wake niliupata kwenye kesi za maji kabla sijaiona redio.

Kwetu ni Vudee, Upare Kusini, juu ya barabara kuu iendayo Same. Mvua ya huko ni ya kubahatisha, na tambarare zilizo chini yetu ni kame zaidi. Wazee wa zamani wakachimba ndiva, yaani bwawa dogo linalojazwa na mfereji kutoka mtoni. Usiku kizibo kinafungwa, maji yanakusanyika; alfajiri kinafunguliwa, mwenye zamu anamwagilia mpaka bwawa likauke. Mfereji ukijaa tope, unapigwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuusafisha, na asiyetokea analipa faini. Hapo ndipo penye maneno. Aliyekuwa na mgonjwa naye alipe? Mjane aliyemtuma mtoto mdogo na jembe, kazi yake ihesabiwe nzima au nusu? Na watu wa Bangalala walio chini yetu waachiwe maji lini? Na wale wa Makanya, bondeni kabisa, wanaongoja mafuriko yashuke ndipo wapande mahindi, nani awasemee?

Babu alikuwa mmoja wa wazee wa ndiva, na hakujua kusoma. Nilipofika darasa la nne akanipa daftari na penseli, nikawa karani. Niliandika nani kaja, nani hakuja, nani kasema nini, kisha nikasimama kuwasomea. Wale wazee walikuwa wakali kuliko mhariri yeyote niliyekuja kumfanyia kazi. "Mjukuu wangu," mmoja alinikatiza, "mimi sikusema alikataa. Nilisema hakujibu. Futa." Nikafuta. Jirani yake akadai kwamba kutojibu ndiko kukataa kwenyewe, wakabishana mpaka jua likainama, na mimi nikafuta na kuandika upya mara nyingi kiasi kwamba karatasi ilitoboka pale pale penye neno lenyewe.

Bibi alikuwa na habari kubwa kuliko ya maji: habari ya Mbiru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Mwingereza ilileta kodi ya kukadiria mali ya kila mtu, ikaipachika jina la ushuru wa zamani wa machifu. Wapare hawakukataa kodi. Walikataa kukadiriwa, tena na watu waliowajua kwa upendeleo wao. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi na kukaa. Wake zao nao hawakubaki nyuma. Inasimuliwa kwamba walimwendea mkubwa wa serikali wakamwambia ama awarudishie waume zao, ama awape mimba yeye mwenyewe, wote. Bibi akifika hapo alikuwa anafunika mdomo kwa khanga, lakini sehemu hiyo hakuiruka hata siku moja. Mwishowe kodi ile ikaondolewa. Profesa Isaria Kimambo aliuandikia mgomo huo kitabu mwaka 1971, na nilipokishika mkononi, kijana mgeni wa Radio Tanzania Dar es Salaam, nilistaajabu kwamba maneno ya bibi yangu yanaweza kuwekwa kwenye rafu ya chuo kikuu.

Kutoka hapo nilikwenda Köln, kwenye Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyokuwa hewani tangu 1963. Vijana wa leo wanaokata sauti kwa kidole kwenye simu hawatanielewa nikisema kazi yetu ilikuwa ya wembe. Unazungusha mkanda kwa mkono mpaka usikie mahali pa kukata, unatia alama kwa penseli nyeupe, unakata mshazari, unaunga kwa utepe wa gundi. Vipande usivyovitaka huvitupi mpaka kipindi kitoke, kwa hiyo nilikuwa nikitembea ukumbini na kikohozi cha waziri kimening'inia shingoni. Kukata kikohozi sikuona tatizo. Kukata "labda" ya mtu ili maneno yake yawe na nguvu zaidi, hapo nilikuwa mbishi, na wenzangu walinichoka.

Barua za wasikilizaji zilikuja kwa magunia. Wengi waliomba salamu, kalenda, stika, au anwani ya rafiki wa kalamu. Siku moja nikafungua bahasha nene: kurasa saba, pande zote mbili, zinapinga hoja moja ya makala yetu juu ya bei ya katani. Hakuomba hata kalenda. Nilijua ni Mpare kabla sijatazama muhuri wa posta, na kweli, Hedaru.

Idhaa ilihamia Bonn mwaka 2003, nikapanda treni kila asubuhi mpaka nikastaafu. Ya miaka hiyo sina mengi ya kusema.

Kustaafu ndiko kulikonipa nafasi ya kusoma Wajerumani walioandika juu yetu. Jakob Dannholz, mmisionari Mlutheri aliyekaa Mbaga, alitoa kitabu chake mwaka 1916. Ernst Kotz, Msabato, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Chasu, lugha yetu, alitoa chake mwaka 1922. Tangu kwenye jalada vyote viwili vinatutaja kama wafungwa: kimoja, wafungwa wa imani ya mizimu, kingine, wafungwa wa hofu. Hata hivyo siwatupi. Waliandika mila ambazo wajukuu tungezisikia nusu nusu, na Dannholz hasa alikuwa na sikio. Lawama yangu ni ya karani. Wazee wamenukuliwa ukurasa hadi ukurasa, na sioni popote mzee akisema: hapo sikusema hivyo, futa.

Mke wangu anasema nimezeeka vibaya, nabishana na maiti. Ndiyo maana alinisukuma tukodi kishamba cha mjini, vile viwanja vidogo vya bustani ambavyo Wajerumani hulima chini ya chama. Nilifika nikidhani nakwenda kupumzika. Kumbe kuna katiba, kuna mwenyekiti, kuna siku za kazi ya pamoja za kusafisha njia na kukata michongoma, na usipotokea unalipa. Majira ya baridi maji yanafungwa ili mabomba yasipasuke, na siku ya kuyafungua ina kikao chake. Mwaka wangu wa pili nilichaguliwa mwandishi wa vikao. Mzee mmoja fundi bomba, mstaafu kama mimi, hunirekebisha muhtasari kwa ukali ambao Babu angeupenda.

Upareni naenda kila ninapopata nauli. Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirudi Desemba 2019, na huku kwetu hupita reli ile ile ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911; naipendelea treni kuliko basi kwa sababu kwenye treni watu huzungumza. Same unashuka na upepo unakupokea kabla ya ndugu. Nikitaka kuzunguka, nashika njia ya mashariki ya milima: Kisiwani, Maore, Ndungu. Ndungu kuna mashamba ya mpunga ambayo Japani ilisaidia kuyajengea mifereji ya zege na milango ya chuma. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji kusikiliza. Zege ni jipya, ila ugomvi wa nani yuko juu na nani yuko chini nautambua. Ukipanda Mamba unakutana na tangawizi imeanikwa nje ya nyumba, na bei yake ndiyo salamu ya kwanza. Upande wa pili ni Mkomazi, leo hifadhi ya taifa. Wafugaji walioondolewa humo mwishoni mwa miaka ya 1980 waliipeleka serikali mahakamani. Hao si Wapare, lakini ujirani unaambukiza.

Sasa niko na kesi yangu. Ndiva ya kwetu ina kundi la WhatsApp, na sisi tulio mbali hulipa badala ya kushika jembe. Nalipa bila kinyongo. Mwaka huu vijana wameamua kwamba mlipaji asiyetokea hana kura kwenye zamu za maji. Nikaandika kwamba shamba la babu yangu bado linanyweshwa na zamu hiyo, na kwamba uamuzi ulipitishwa bila muhtasari kusomwa. Mwenyekiti, kijana niliyemsomesha sekondari, akajibu: "Shikamoo mzee. Muhtasari ulisomwa, ila wewe hukuwepo. Hoja yako ije kwa maandishi." Imeshaandikwa, kurasa nne, na tiketi nimekata, kwa sababu safari hii nataka kusimama palepale mtu mwingine akisoma maneno yangu.