Andalusi: Mafunzo ya Nyumba Zilizofungwa Midomo



Hispania inapotajwa mbele ya Waislamu, moyo hukumbuka Andalusi: Msikiti Mkuu wa Cordoba ulioanza kujengwa mwaka 785, kasri la Alhamra na bustani za Granada. Aghalabu kumbukumbu hiyo hukomea Januari 1492, sawa na mwaka 897 Hijria, Granada iliposalimu amri mbele ya mfalme Ferdinand na malkia Isabella. Sisi, akina mama wa Pwani tunaoishi pande za magharibi za Nairobi, yaani Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Kawangware, tumekuwa tukiidurusu historia hiyo katika darasa letu la Jumamosi baada ya Alasiri. Tumeona kuwa fungu linalotuhusu zaidi ni lile la baada ya mwaka huo. Misikiti ilipofungwa, dini na lugha vilibaki mikononi mwa wazazi, ndani ya nyumba.

Tulivutwa na jambo dogo. Baadhi ya watoto wetu wanasomeshwa Kihispania shuleni, na siku moja binti mmoja alituletea daftari lake la msamiati. Tulistaajabu. Sukari kwao ni azúcar, zafarani ni azafrán, zeituni ni aceituna. Fulani wetu ni fulano wao. Neno letu hata ni ndugu wa hasta, na yote mawili yametoka katika Kiarabu. Rehani, tunayoweka kwa mkopeshaji, kwao imekuwa rehén, maana yake mateka. Maskini wetu, ambaye ni mtu asiye na kitu, kwao amegeuka mezquino, yaani bahili. Kuba, kama zile za Msikiti wa Jamia tunazoziona tukienda mjini kununua vitu, imekuwa alcoba, chumba cha kulala. Na Mhispania anapotamani jambo husema ojalá, neno lililobeba jina la Mwenyezi Mungu, ingawa wengi wanaolitamka hawalijui asili yake.

Pwani yetu na Andalusi zimewahi pia kukutana katika kitabu kimoja. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akawasifu watu wa Mombasa kwa uchaji wao na kwa misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Yapata miaka 20 baadaye akafika Granada. Aliporudi Morocco alisimulia safari zake, na mwandishi aliyezipanga kitabuni alikuwa Ibn Juzayy, mwana wa Granada. Basi habari zile za Mombasa ambazo wanahistoria wote huzirejea zilipita katika kalamu ya Mwandalusi.

Sasa tuitazame hali ya baada ya 1492. Mkataba wa kusalimisha mji uliwaahidi Waislamu dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Haukudumu hata miaka 10. Kufikia mwaka 1502 Waislamu wa ufalme wote wa Castilla walitakiwa kubatizwa au kuhama, na mwaka 1526 amri hiyo ikawafikia wa Aragón. Waliobaki waliitwa Morisko. Mwaka 1567 mfalme Felipe wa Pili alitangaza sheria iliyopiga marufuku kusema na kuandika Kiarabu, majina ya Kiislamu, mavazi yao, hamamu, na ushungi wa wanawake. Watu walipewa miaka mitatu wawe wamejifunza Kikastilia. Milango ya nyumba ilitakiwa iachwe wazi siku za Ijumaa na siku za harusi ili wapitao waone kinachofanyika ndani. Mzee mmoja wa Granada, Francisco Núñez Muley, aliwaandikia wakuu akiwahoji vipi wazee wa vijijini watajifunza lugha ngeni kwa muda mfupi hivyo. Hakusikilizwa. Vita vikazuka milimani Alpujarras mwaka 1568, na hatimaye, kati ya 1609 na 1614, watu wapatao 300,000 wakafukuzwa nchini.

Tukiwa akina mama, tulisimama kwa muda mrefu kwenye ile milango iliyoachwa wazi. Mwanamke aliyechota maji mengi siku ya Ijumaa aliweza kushitakiwa. Aliyekataa nyama ya nguruwe aliweza kushitakiwa. Hata hivyo, mafunzo hayakukatika. Mwandishi mmoja wa Kimorisko ajulikanaye kama Kijana wa Arévalo ameeleza jinsi alivyomzuru bibi kizee wa Granada, Mora wa Úbeda, aliyesifika kwa elimu ya dini. Huko Aragón, ambako Kiarabu kilikuwa kimeshawatoka watu midomoni, walifanya jambo ambalo sisi Waswahili tunalitambua mara moja: waliandika lugha ya nchi, Kihispania, kwa herufi za Kiarabu. Wataalamu huyaita maandishi hayo aljamiado, kutokana na neno ajami. Humo waliandika sala, dua, mirathi na visa vya mitume. Mwaka 1884, mafundi waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba moja ya kijiji cha Almonacid de la Sierra waliukuta mzigo wa vitabu hivyo umefichwa chini ya sakafu. Mwenye kuvificha hakurudi kuvichukua.

Sisi pia tuna ajami yetu. Mwana Kupona wa Pate aliuandika utendi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858, kwa Kiswahili na kwa herufi hizo. Katika nyumba moja ya darasa letu, pale Kilimani, limo sanduku la barua ambazo bibi aliziandika kutoka Lamu kwa khati ile ile. Wajukuu wake wamehitimu juzuu kadhaa, na Qur'ani wanaisoma vizuri. Walipopewa barua hizo, walishindwa. Barua hazina irabu kamili, na Kiswahili cha Lamu hakimo masikioni mwao. Nyumbani wanajibu kwa Kiingereza, na barabarani ni Sheng. Herufi waliziona, maana hawakuipata.

Hapo pakatokea mjadala mkali. Mama mmoja alisema kuwafundisha watoto dini kwa Kiingereza ni kukabidhi funguo za mji kwa hiari yetu, bila ya kuzingirwa na jeshi lolote. Mwingine akamjibu kwa mfano wa Aragón: wale walipoteza Kiarabu lakini wakaifundisha dini kwa lugha iliyobaki, nao hata walipokimbilia Tunis waliendelea kutunga vitabu vya dini kwa Kihispania. Mtoto asiyefahamu anachoambiwa, alisema, hana alichorithi.

Tumeona kuwa kila mmoja ana haki yake. Fardhi haingoji mtoto aive katika Kiswahili. Afundishwe udhu, sala na adabu kwa lugha anayoifahamu leo. Lakini Kiswahili chetu nacho ni amana, kwa kuwa ndani yake mna sauti za wazee ambazo hazitafsiriki zote. Hapa Nairobi hakuna sheria inayotukataza kukisema, wala askari anayechungulia mlangoni. Majina yetu tunayo, buibui tunavaa, adhana tunaisikia. Kwa hiyo kitakachopotea humu hakitakuwa kimenyang'anywa.

Tumekubaliana mambo mawili. Chakula cha jioni kiliwe kwa Kiswahili, mkubwa na mdogo, na anayekosea asahihishwe kwa upole. Na nusu saa ya mwisho ya darasa letu iwe ya barua zile. Mama mmoja aliyezaliwa Lamu ndiye anayetuongoza. Anasoma mstari, watoto wanaurudia na kuunakili kwa herufi za Kirumi. Kufikia sasa tumemaliza barua mbili. Katika ya pili, baada ya salamu nyingi, bibi anauliza kama wajukuu wameanza kufunga Ramadhani, na kama kuna anayewafundisha. Waliokuwa wajukuu wakati huo sasa ni watu wazima. Binti aliyeunakili mstari huo ana miaka 12, naye ametuomba apewe barua ya tatu aende nayo nyumbani ajaribu peke yake.

Msomaji mwenye sanduku la namna hiyo, Mombasa, Malindi au Nairobi, tunamwomba alifungue angali yupo wa kumsomea. Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.