Njia ya Mtendeli na Miteremko Yake

Mkoa wa Kigoma una sura mbili. Sura ya kwanza, ambayo wengi wetu tunaijua hata kama hatujafika, ni ile ya ziwa: reli iliyofika mwaka 1914, bandari, dagaa, migebuka na michikichi. Sura ya pili iko juu ya milima, nayo ndiyo Buha yenyewe: Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, nchi ya vilima vinavyofuatana kama mawimbi, yenye migomba, maharage, mihogo na asali, na yenye baridi ya alfajiri inayomfanya mgeni wa kutoka Dar es Salaam ajute kuliacha sweta lake nyumbani. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kasulu uko juu ya mita 1,200. Msafiri anayetoka stesheni ya Kigoma na kushika njia ya Kasulu hupandishwa karibu nusu kilomita kwenda juu kabla hajanywa chai yake ya pili. Na kila kilichopandishwa, ndugu msomaji, kitashushwa. Makala haya yanahusu kushuka.

Mwisho wa safari yetu ni Mtendeli, mahali ambapo jina lake limekwenda mbali kuliko ukubwa wake. Pako katika Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Katika miaka ya 1990, Warundi walipokimbia vita nchini mwao, Mtendeli ilikuwa miongoni mwa kambi zilizowapokea, pamoja na Nduta, Kanembwa, Mkugwa na Karago. Machafuko yalipozuka tena Burundi mwaka 2015 na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ikafurika, serikali na mashirika ya misaada yakazifungua upya Nduta na Mtendeli. Kuanzia Januari 2016 mabasi yakaanza kuwahamisha watu kutoka Nyarugusu kwenda Mtendeli, kilima baada ya kilima, wakiwa na watoto, magodoro na sufuria zao. Kambi hiyo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na waliobaki wakapelekwa Nduta, nao kwa mabasi. Basi, katika simulizi ya Mtendeli, halikuwa chombo cha kwendea sokoni tu. Lilikuwa ndilo lililoamua mtu atalala wapi usiku huo, na kama atafika salama.

Kabla ya mabasi, Waha waliijua njia hii kwa miguu. Vijana wengi walishuka kutoka milimani kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya mbali, wakitembea siku nyingi hadi kufika mahali pa kupandia gari. Nyumba zao zilikuwa zimetawanyika juu ya vilima, kila familia na migomba yake. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na maelfu ya familia wakateremka na kujengewa vijiji, vingi vikiwa kando ya barabara, ili shule, zahanati na maji viwafikie kwa urahisi. Msomaji alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia: vijiji viliifuata barabara, na mara nyingi barabara ilipita bondeni.

Barabara yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi liliwavisha abiria wote rangi moja, na wakati wa masika abiria waliteremka kusukuma basi walilolilipia nauli. Katika miaka ya 1990 na 2000 paliongezeka hofu nyingine, ya majambazi wenye bunduki, na mabasi ya Kasulu, Kibondo na Biharamulo yakawa yanasindikizwa na polisi. Wenyeji hawajaisahau siku hizo. Lakini ubovu wa barabara ulikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeiona wakati ule: ulimkataza dereva kukimbia. Shimo lilikuwa trafiki asiyepokea kitu.

Sasa hali imebadilika, na tunashukuru kwamba imebadilika. Kipande cha Kidahwe hadi Kasulu, kilomita 63, kiliwekwa lami. Upande wa kaskazini kikafuata kipande cha Nyakanazi hadi Kabingo, kilomita 50. Kati ya ncha hizo mbili ukaja mradi mkubwa wa kilomita 260.6, kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu mpakani, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mkulima wa maharage anapata soko, mama mjamzito anafika hospitali, na mwanafunzi anawahi kufungua shule. Hakuna mwenye akili timamu anayeililia barabara ya vumbi. Hata hivyo lami haikuvisawazisha vilima vya Buha. Imevifanya viwe laini tu. Na kilima kilaini hutelezesha zaidi kuliko kilima chenye mashimo.

Mwandishi wa makala haya alipita njia hiyo kwa basi la abiria, akitokea Kasulu kuelekea Kakonko. Asubuhi ilikuwa njema, abiria wakisalimiana "Mwakeye" kila walipopanda wenzao vijijini, mizigo ya mihogo na madumu ya mafuta ya mawese ikizidi kurundikana kwenye njia ya katikati. Tulipofika juu ya kilima kimoja kirefu, sauti ya injini ikakoma ghafla, ukabaki mlio wa upepo na matairi. Wengi walifurahia utulivu ule. Bibi mmoja mwenye kanga mbili, aliyeketi nyuma ya dereva, hakufurahi.

"Mwanangu, mbona gari limenyamaza?" aliuliza.

"Linapumzika, bibi, tunateremka," akajibu kondakta huku akicheka.

"Litapumzika stendi. Hapa lifanye kazi."

Abiria wakacheka, na dereva naye akacheka. Lakini aliingiza gia, injini ikaunguruma tena, na tukashuka pole pole. Pengine bibi yule hakuwahi kushika usukani maishani mwake. Lakini alisema lililo sahihi kuliko lolote ambalo angelisema fundi, na alilisema mahali panapostahili, yaani juu ya kilima, kabla ya mteremko kuanza.

Tueleze kwa nini. Basi lililojaa watu na mizigo linaweza kuwa na uzito wa tani 15. Likishuka kutoka kilele kilicho mita 200 juu ya bonde, nguvu yote iliyotumika kulipandisha lazima itoke mahali fulani. Ikiwa kazi ya kulizuia imeachiwa breki peke yake, nguvu hiyo hugeuka kuwa joto ndani ya magurudumu, joto linalotosha kuchemsha zaidi ya madebe manne ya maji baridi. Chuma kikipata moto kiasi hicho, breki hupoteza nguvu ya kushika. Dereva hukanyaga, basi halisikii. Hukanyaga tena na tena, na kwa mabasi yenye breki za upepo kila mkanyago hula sehemu ya upepo uliohifadhiwa. Hapo ndipo abiria husikia harufu ya kuungua, na hapo ndipo huwa wamechelewa. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuzuia haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara nne.

Dawa yake ni ya zamani na haina gharama. Gari likiwa kwenye gia ya chini, injini yenyewe hulizuia, na breki hubaki baridi kwa ajili ya kona au mtoto anayekatiza. Madereva wa zamani walifundishwa kwamba mlima hushukwa kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Kinyume chake ni mtindo wa kuliachia gari bila gia, ambao madereva wenyewe huuita "frii", wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Hata hesabu hiyo ya mafuta haisimami. Injini nyingi za dizeli za siku hizi, gari likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, hazinyunyizi dizeli karibu kabisa. Ilhali injini iliyoachiwa kwenye frii lazima iendelee kunywa kidogo ili isizimike. Kwa hiyo dereva anayeachia gari hapati faida ya mafuta, na ameweka rehani roho za watu 60 kwa faida asiyoipata.

Haya si maneno ya kutisha watoto. Mei 6, 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi kutoka Arusha kwenda Karatu kufanya mtihani wa kujipima liliacha njia kwenye mteremko wa Rhotia na kutumbukia korongoni. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki dunia. Watoto watatu tu ndio waliookolewa. Barabara ile ni ya lami nzuri, ndiyo inayowapeleka watalii wa dunia nzima Ngorongoro. Februari 24, 2024, katika eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, lori lililoripotiwa kushindwa breki liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakapoteza maisha. Msomaji atambue kwamba waliokufa Ngaramtoni wengi wao hawakuwa ndani ya lori lile. Walikuwa mbele yake.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye vijiji vya bondeni. Katika njia ya Kasulu hadi Kakonko, mahali penye shule, gulio, bomba la maji na vijana wa bodaboda mara nyingi ni pale pale mteremko unapoishia. Basi linaloshuka bila kuzuilika halichagui. Mtoto aliyezaliwa wakati wa barabara ya vumbi alizoea kulisikia gari mbali, kuliona vumbi lake, na kuvuka kwa nafasi. Leo gari linaloshuka kwenye frii halina vumbi wala sauti. Kwa hiyo wazazi na walimu wa vijiji hivi wana somo jipya la kufundisha, na halmashauri zina wajibu wa kuweka alama, matuta na njia za waenda kwa miguu kabla ya msiba wa kwanza, badala ya kusubiri msiba uzipangie kazi.

Sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na mwendo wa juu wa basi la abiria ni kilomita 80 kwa saa, na 50 katika makazi ya watu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, hufuatilia mwendo wa mabasi kwa vyombo vilivyofungwa ndani yake. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini chombo huona mwendo, hakioni gia. Na kilomita 80 ni kikomo cha juu, si amri ya kutimizwa katika kila mteremko. Mwenye basi anayemhesabia dereva dizeli kwa kijiko na saa kwa dakika asishangae dereva huyo akitafuta pa kuziokoa mlimani. Fundi asiyekagua breki kabla ya safari ya Buha ajue kwamba hakuna kilima kitakachomsamehe kwa niaba ya abiria.

Wapo wasemao kwamba ajali haina kinga. Methali hii ni ya kweli kwa mti unaoanguka usiku barabarani. Kwa mteremko, methali hiyo imekuwa kichaka cha kujifichia. Ajali nyingi za mteremkoni hutengenezwa juu ya kilima, katika ule muda mfupi ambao mkono wa dereva uko kwenye gia na uamuzi bado ni wake. Mita 300 chini yake uamuzi umekwisha kuhama, umekuwa wa kilima. Kinga ipo, ila ina mahali pake na saa yake.

Na sisi abiria tuna fungu letu. Tumezoea kunyamaza, kwa heshima, kwa woga wa kuambiwa "kama unaogopa shuka", au kwa kuwa tuna haraka ya kufika msibani au harusini. Desemba hujaza mabasi ya Kigoma wafanyakazi wanaorudi nyumbani na watoto wao, wengine wakiwa njiani usiku kucha tangu basi ziliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Dereva aliyechoka na lami laini ni jamaa wawili wasiofaa kukutana kileleni. Anayesafiri na familia yake na akisikia injini inanyamaza mlima unapoanza kuinama, asisubiri harufu ya moto. Aseme kwa adabu, kwa sauti inayosikika, na jirani yake amuunge mkono. Dereva mwema hatakasirika. Wengi wao wana watoto vijijini humo humo.

Katika siku za majambazi, hakuna basi lililoingia katika mapori ya Kibondo bila askari mbele, na hakuna abiria aliyeona aibu kuuliza kama askari yupo. Miteremko ya njia ya Mtendeli haina askari wa kuipitisha basi. Ina gia ya pili, breki iliyokaguliwa, na sauti ya abiria. Vyote vitatu vipo ndani ya basi kabla halijaondoka stendi.