Alfajiri Darajani

Kwa miaka mingi nililifundisha shairi la William Wordsworth kuhusu daraja la Westminster kama sifa tupu za jiji: mishororo 14, London ingali usingizini, mto umetulia. Sikuwahi kujiuliza msafiri yule alikuwa akienda wapi.

Kumbe alfajiri ile ya mwaka 1802 alikuwa ndani ya gari la farasi pamoja na dada yake Dorothy, wakielekea Dover, kisha Calais. Huko walikuwa wakutane na Annette Vallon na Caroline, binti aliyezaa naye, mwenye umri wa miaka tisa. Vita vya Uingereza na Ufaransa vilikuwa vimewatenganisha. Mapatano ya Amiens ya Machi mwaka huo ndiyo yaliyofungua njia. Shairi halimtaji mtoto hata kwa neno moja.

Mwezi uliopita nilivuka Daraja la Kigamboni kabla ya jua kuchomoza, nikienda Tanga kumwona binti yangu, ambaye sijaishi naye tangu alipokuwa akitambaa. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. Daladala ilipofika juu ya maji, yote yakanitoka. Nikabaki kutazama taa za bandari zikififia. Sikuwahi kuliona jiji hili likiwa zuri vile.

Hapo ndipo nilipolielewa shairi. Utulivu ule si wa mtu asiye na lake moyoni. Ni wa mtu anayejua kwamba mwisho wa safari kuna mtoto atakayemuuliza, "Ulikuwa wapi?"

Binti yangu aliniuliza kabla sijaketi.