Huyu Kafa au Kalala?

Masumbwe hailali, mpenzi msomaji. Kama umewahi kupita barabara ya Kahama kwenda Ushirombo usiku wa manane, unanielewa. Malori ya Rwanda na Burundi yameegeshwa kando ya lami, mama ntilie bado wana moto, na kwa mbali makarasha yanasaga mawe ya dhahabu. Hapa kwetu Mbogwe (mpaka 2012 tulikuwa Bukombe, mkoa wa Shinyanga, siku hizi tuko Geita) ukimuuliza mtu hali, jibu ni moja: "Napambana." Wewe thubutu kusema "nimepumzika tu" uone watakavyokutazama, kama vile umefukuzwa kazi!

Mume wangu alikuwa bingwa wa kupambana. Mchana ni mtu wa mikopo, shati limenyooka, tai shingoni. Jioni anavua tai, anavaa gambuti na kuelekea kwenye karasha lake. Anarudi saa saba usiku, saa kumi na mbili asubuhi keshaamka. Jumapili? Ndiyo siku ya kupiga hesabu na vijana wa mwaloni. Wenzangu ofisini walinionea wivu. "Dada, una mwanaume mchapakazi!" Kweli ninaye. Ila kitandani tulishakuwa kama wapangaji wawili wanaogawana chumba.

Kisha akaanza kubadilika. Anasahau jina la mteja aliyeongea naye asubuhi. Mtoto akidondosha kijiko, yeye anaruka kama amesikia baruti. Chakula anakitazama tu. Unamwambia neno, linachukua dakika nzima kumfikia. Siku moja akaangusha pikipiki mbele ya geti letu, barabara kavu, hakuna hata mbuzi aliyekatiza.

Mama mkwe akaja kutuona. Alimwangalia mwanawe siku mbili bila kusema, ya tatu akaniita jikoni.

"Mkamwana wangu, huyu amechezewa."

Nikanyamaza, maana nilijua sentensi inayofuata. Kuna mfumu anayeaminika, tumpelekee kuku, achanjwe kuku yule na kusomwa ndani yake, ajulikane nani ana wivu na karasha. Na wakati mama anaongea, macho yake yalikuwa yamevuka dirisha yakaenda kwa jirani yetu, bibi mmoja mjane anayeuza michembe, mwenye macho mekundu.

Hapo ndipo nilipoogopa, msomaji. Nimezaliwa na kukulia kanda hii. Najua macho ya bibi zetu yanakuwa mekundu kwa miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe katika vijumba visivyo na dirisha. Najua pia wangapi wamekatwa mapanga kwa sababu ya rangi hiyo ya macho, baada ya mtu kwenda kupiga ramli na kurudi na jina. Tumeyaona ya vikongwe, tukayaona ya ndugu zetu wenye ualbino, hadi Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Wapo waganga wa mitishamba wanaotibu watu vizuri, na sheria ya tiba asili ya 2002 inawatambua. Lakini ramli chonganishi ni kitu kingine. Ile lazima ikupe adui.

Nikamwambia mama kwa heshima zote, "Mama, nakusikia. Naomba uniachie wiki mbili kwanza. Nimpeleke hospitali, alale. Tukishindwa tutakaa tena." Hakukubali, hakukataa. Akaendelea kuchagua mchele.

Hospitali wakapima malaria, hakuna. Sukari, salama. Presha ilikuwa juu kwa mtu wa miaka thelathini na mitano. Daktari akamuuliza swali moja tu: "Unalala saa ngapi?" Mume wangu akacheka. Daktari hakucheka.

Tukarudi nyumbani tukapiga hesabu. Ofisini saa 45 kwa wiki, ndicho kiwango cha juu cha saa za kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Karasha, tukipunguza sana, saa 30. Jumla 75. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wao: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 duniani kwa mwaka 2016 pekee, vya kiharusi na moyo. Sasa niambie, hapo mchawi ni nani?

Lakini kumwambia mwanaume wa ukanda wa dhahabu apumzike ni kazi! Sheria hiyohiyo inampa siku 28 za likizo kila mwaka, na saa 24 za mapumziko kila wiki. Yeye akawa anasema, "Nikilala, nani atalipa mkopo wa karasha?"

Msaada ukatoka nisikotegemea. Mdogo wangu yuko Dar, ana karata za tarot, zile za Wazungu. Basi usiku huo, katika kunichangamsha, akanichomolea moja, akaipiga picha na kunirushia. Inaitwa Nne ya Panga. Mtu amelala chali juu ya kaburi la mawe, mikono ameikutanisha kifuani kama anasali. Ukutani panga tatu zinaning'inia zikimwelekea, ya nne imelazwa chini yake. Pembeni kuna dirisha la vioo vya rangi.

Mimi siamini kwamba karatasi inajua kesho yangu. Karata hizi 78 zilianza kama mchezo tu kule Italia ya kaskazini, karne ya 15, kama sisi tunavyocheza arubastini. Mambo ya kuagulia yalikuja baadaye sana. Na picha hiyo aliichora mwanamke mmoja, Pamela Colman Smith, zikachapwa London mwaka 1909. Hakuna jini hapo. Ila nikaipenda, nikampa mume wangu simu.

Akaitazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi mwezi mzima. Kisha akauliza, "Huyu kafa au kalala?"

"Wanaozijua wanasema kalala. Anapumzika vita."

"Na hizo panga juu yake?"

"Bado zipo."

Akarudisha simu. "Basi na mimi niacheni nilale."

Akalala, wapendwa! Siku ya kwanza alilala saa kumi na nne. Aliomba likizo yake kazini, karasha akamwachia binamu yake, na usiku likawa linazimwa. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kama mtu anayeacha sigara. Ya pili, nikamkuta amekaa chini ya mwembe na mtoto, hawafanyi chochote. Jioni hiyo akaniuliza siku yangu ilikuwaje, na akasubiri jibu.

Sitakudanganya. Hela ilipungua na mkopo bado tunaulipa. Panga zimening'inia palepale. Ninachokipenda kwenye picha ile ni hicho: yule mtu hakusubiri ziondolewe ndipo alale.

Nadhani wazee wetu walilijua hili bila karata. Usukumani mvua ndiyo ilisema limeni, na mavuno yakiisha watu waliweka jembe chini, Bagika na Bagalu wakashindana kucheza ngoma, kama wanavyofanya hadi leo kwenye Bulabo pale Bujora. Pamba ina msimu. Dhahabu haina, ipo Januari na ipo Julai, na asiyejiwekea msimu mwenyewe atachimba mpaka achimbiwe.

Kwa hiyo, wewe na mwenzako, kabla hamjatafuta nani kawaroga, nani kamteka mumeo, nani kamharibu mkeo, jiulizeni daktari alichouliza. Mnalala saa ngapi? Chagueni siku moja ya wiki, simu kabatini, biashara ifungwe. Mkigombana siku hiyo, angalau mtakuwa mmeongea.

Na mama mkwe? Hakuniambia nilikuwa sahihi, na wala sikumdai. Wiki mbili zilipoisha alikuja na kuku, jogoo mwekundu, miguu imefungwa. Akamkuta mwanawe anamkimbiza mtoto uani, wote wanacheka. Alisimama kidogo, akanikabidhi yule kuku.

"Mchinje," akasema. "Na yule bibi umpelekee kipande."