Samaki Anayerudishwa Baharini

Yapata kilometa 400 kusini-magharibi ya Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, kipo kisiwa kidogo cha Alphonse. Zamani kilikuwa shamba la minazi. Siku hizi kina makao ya wageni wapendao kuvua. Asubuhi huvushwa kwa mashua hadi St. François, mahali pasipokaliwa na watu, ambapo maji haba hufunika uwanda mpana wa mchanga. Mgeni hutembea maji yakimfika magotini, ameshika ufito mwembamba na ndoana iliyofungwa manyoya badala ya chambo. Akiona kivuli cha kolekole au mwatiko, huirusha polepole mbele yake.

La kustaajabisha ni kwamba samaki akishanaswa huachiliwa. Kijino cha ndoana hubanwa ili kisimjeruhi. Mvuvi wa riziki huenda akacheka. Lakini samaki wa sokoni huuzwa mara moja tu, hali aliye hai huwaleta wageni mwaka hata mwaka, na pamoja nao mishahara ya manahodha na wapishi. Mwaka 2020 Shelisheli ilitimiza ahadi ya kuhifadhi asilimia 30 ya bahari yake. Kwa taifa la visiwa bahari ndiyo shamba, na mkulima mwenye busara hali mbegu yake.